Uzito Mtupu

Karatasi yako ya kiwandani ilikuwa na mistari mitatu:
uzito mtupu, uzito wa kuruka, sahihi ya mkaguzi.
Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa Rostov, Kapitolina,
penseli sikioni, kikohozi kifuani.
Alikugonga ubavuni kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikitimaji,
akasema: huyu atabeba.

Ukabeba.

Tyumeni, msimu ambao oili hugeuka lami,
tulikufunika turubai, tukakupulizia moto saa mbili nzima
kabla panga zako tano hazijakubali kuzunguka.
Kwenye kebo ulining'iniza mnara wa kuchimbia mafuta,
kipande kwa kipande, juu ya kinamasi
ambacho lori halijawahi kuuona upande wake wa pili.
Rubani wetu, Onufriy Babych, hakuwa msemaji.
Mzigo ukipembea alisema tu, "Unacheza,"
nasi watano tukabana pumzi
mpaka uache kucheza.

Watu waliuliza mabawa yako mafupi ni ya nini
na panga ziko juu.
Mimi fundi nikaeleza: ukishika kasi, mabawa hubeba sehemu ya tani,
panga zikapumua kidogo.
Rustem wa redio akanikatiza:
"Ni viwiko. Hata ng'ombe huhitaji pa kuegemea."
Basi ukawa Ng'ombe.

Kisha wakakupaka rangi ya vumbi.
Kunduz ulipeleka unga, mapipa, barua, vijana.
Ulirudisha mapipa, barua,
na vijana ndani ya masanduku ya zinki.
Kukadiria uzito ndiyo kazi yangu, najua kwa jicho.
Sanduku la kwanza niliandika, nikafuta,
nikaandika tena.
Huko huko upepo wako ulimng'olea paa Gholam Sakhi,
na matunda ya miforosadi yake yote yakamwagika mavumbini.
Tulimwachia gunia la sukari mlangoni.
Wiki iliyofuata tulilikuta palepale,
limeloa mvua, siafu wamelizunguka.

Aprili ile tukaitwa kwetu, kaskazini ya Kyiv.
Tulikuwa tumetoka kuikimbia risasi;
sasa tukaambiwa tuibebe.
Si ile ya bunduki: risasi ya kuyeyusha, ya vipande,
imefungwa ndani ya miamvuli ya askari,
tuimwage juu ya tanuri lililopasuka.
Vipande vingine tulitandika chini ya viti vyetu.
Onufriy alikalia cha kwake kama kuku anayeatamia.
Moshi ulikuwa mwembamba, karibu mzuri.
Mdomoni, ladha ya sarafu.
Tulirudi mara ishirini na mbili. Au tatu,
daftari langu lilichomwa pamoja na buti.

Walikuosha kwa sabuni, kwa bomba, kwa brashi za kufagilia barabara.
Kipimo kikalia.
Wakakuosha tena.
Kikalia.
Kwenye mizani ulisoma tani zako ishirini na saba zilezile,
wala kilo haikuzidi.

Basi wakakuegesha Rassokha, uwanjani,
pamoja na malori, na magari ya zimamoto, na wenzako.
Nilikuja mara moja, nikasimama nje ya seng'enge.
Mlinzi, Yukhym, alikuwa anamenya yai.
Akanieleza nani ameibiwa nini:
injini zako, magurudumu, waya wote wa shaba.
Redio ya Rustem iliondoka usiku mmoja wa theluji.
Mahali fulani imewekwa juu ya kabati,
inasoma habari.

Onufriy alikwisha kufa. Rustem pia, koo.
Mimi bado, sijui kwa nini.

Nasikia sasa wamekukata.
Mjukuu wangu ameikuta karatasi ya Kapitolina kwenye droo
akauliza "uzito mtupu" maana yake nini.
Nikamwambia: ni uzito wa kitu
kabla hakijabeba chochote.
Akauliza, na baada ya kushusha?

Nikamtuma akaniletee miwani.