Sentensi ya Tatu

Nasambu karudi na swali kwenye daftari:
eleza maana ya neno shedi, utunge sentensi tatu.
Mwalimu kawaambia mzizi wake ni kivuli.

Kivuli?
Mwanangu, siku ya soko hapa Chwele, saa saba,
kivuli nakilipia shilingi ishirini
kwa mwenye turubai, na namshukuru.
Waingereza walikosana wapi na kivuli?

Haya, andika.
Mwongo si shedi. Mwongo amekwisha kusema,
unaweza kumshika kwa ulimi wake.
Shedi hajasema lolote bado.
Ni mjomba wako Masika: simu ikilia
huitazama, huilaza kifudifudi mezani,
kisha huuliza kama mvua imenyesha upande wetu.
Ni yule dalali wa vitunguu
apendaye kulipa magharibi, taa hazijawashwa,
noti zimekunjwa ndogondogo kama dawa ya mitishamba.

Na mjanja? Hapana. Mjanja tunamsifu,
tunamtungia hadithi, tunampa masikio marefu.

Kitu nacho chaweza kuitwa hivyo:
risiti isiyo na muhuri,
kiwanja kinachouzwa haraka, mwenyewe yuko safarini.

Kuku je, mama?
Kuku hapana. Kuku huficha mayai,
lakini akitaga hutangaza kijiji kizima.

Sentensi mbili akaziandika, akalamba kidole,
akafungua ukurasa mpya.
Ya tatu haikuja.
Alikuwa anaitazama gorogoro yangu,
kitako chake kilichogongwa nyundo
kikaingia ndani kina cha vidole viwili.

Niliinunua hivyo, nikamwambia.
Nilisema upesi mno.
Mstari huu wote wanazo hivyo, nikaongeza,
na sauti yangu nikaisikia ikitafuta turubai.

Akaja mama wa watu, akataka maharagwe, gorogoro mbili.
Nikapima. Juu nikaweka konzi,
nikaongeza konzi nyingine, yakamwagika,
naye akacheka, akaniita mkarimu.

Nasambu hakucheka.
Penseli aliichomeka nyuma ya sikio,
akainama kuokota yaliyoanguka,
moja moja,
akiyahesabu.