Hesabu ya Kwato

Mwaka wa kwanza nilipanda kama baba alivyopanda ngano:
trekta, meno ya chuma, mwezi wa Aprili,
mbegu za saksauli zikafukiwa kina cha kidole.
Kizilkumu ikazimeza,
haikucheua hata jani.

Zamzagul hakunicheka.
Alichota konzi moja kutoka guniani, akafikicha mbawa zake,
akazilaza juu ya kitambaa kilicholowa,
akaenda kukamua ngamia.
Kesho yake tukatazama. Kimya.
"Hizi maiti," akasema. "Umelipia mazishi."

Mbegu hii haina subira ya ngano.
Ikikaa kiangazi kizima ghalani
moyo wake huzimika gizani,
ganda likabaki zima, likakudanganya.

Basi Novemba tulivuna wenyewe,
turubai chini, fimbo juu,
mbawa zikitukwama kwenye nyusi.
Tukarudia kitambaa.
Chai ya asubuhi ilikuwa haijaisha birikani
kikonokono cha kijani kilipoanza kujikunjua,
taratibu, kama mtu anayeamka nyumba ya ugenini.

Januari tukapanda juu ya theluji.
Bila jembe. Mbegu na mchanga ndani ya ndoo,
hatua, mkono, hatua, mkono,
vidole vyangu havikujua tena ni vya nani.
Hekta tisa. Uzio wa waya.

Na usiku uleule, kondoo wa Jumaniyaz
wakauangusha uzio upande wa kisimani,
mia nne, weusi, wakavuka wakikanyaga,
wakakanyaga hata walipokwisha kuvuka.
Nilimfuata hadi hemani kwake
nikamwita majina ambayo mama yangu hayajui.
Alinisikiliza, akanifungia mlango
ili baridi isiingie.

Aprili. Huku moja, kule moja,
ndevu za barobaro.
Lakini pale kisimani!
Kila alama ya ukwato ilikuwa kikombe:
theluji iliyeyukia humo, mchanga ukaangukia humo,
na humo kijiti, vijani viwili vyembamba kama sindano.
Zamzagul alipiga magoti na kiberiti chake,
njiti moja kwa kila mche.
Penye uzio mzima, njiti mbili.
Penye kwato, kumi na moja,
kisha kiberiti kikaisha.

Nilimpelekea Jumaniyaz mkate na aibu yangu.
Aliupokea mkate.
"Kwa hiyo niwarudishe?"
"Januari. Usiku mmoja.
Kisha miaka miwili wasiguse hapa."
Alitafuna muda mrefu.
"Na hiyo miaka miwili," akasema, "watakula hesabu zako?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Julai ilichukua nusu.
Nilichimba mmoja uliokufa, nione ulikosea wapi.
Juu ya ardhi ulikuwa mfupi kuliko kucha yangu.
Chini nilifukua, nikafukua, nikalala kifudifudi,
mkono wote shimoni hadi begani,
na mzizi ulikuwa bado unaenda.

Zamzagul alinikuta hivyo, shavu mchangani.
"Umepoteza nini?"
Nikamwambia asogee, asije akakanyaga.
Akaangalia kisimani, kondoo wakinywa
ng'ambo ya waya tulioufunga upya,
akacheka, kwa mara ya kwanza,
akakanyaga.