Toka Wawi Hadi Kisauni

Kilomita mia na ishirini na tano, kasoro kidogo,
ukipita juu, pasi na kona ya barabara
wala mawimbi ya Nungwi ya kutapisha watoto.
Nusu saa. Msellem amewaambia wasafiri
mpaka neno limebaki kokwa, kama ubuyu ulionyonywa:
nusu saa, bibi, nusu saa tu, hutomaliza hata tasbihi.

Yeye yuko Wawi, kwenye mizani.
Zamani alipima karafuu,
siku hizi anapima watu,
maana ile ndege ndogo haitaki ubishi wa uzito.
Mwenye kilo tisini na nne hukaa mbele,
bi harusi nyuma, na mkoba wake mapajani,
na kila mama akikanyaga chuma hunong'ona:
"Usiitaje kwa sauti, mwanangu."

Mimi niko Kiembesamaki, nyumba ya tatu kutoka uzio wa uwanja.
Asubuhi nachanja watoto zahanati, mchana niko jikoni.
Tumeoana miaka sita. Tumekaa pamoja, nimehesabu,
miezi kumi na moja na siku za Idi.

Ananibipu mara moja.
Maana yake: imeruka.
Nateleka birika juu ya seredani,
hiliki, mdalasini, tangawizi ya kuponda,
moto mdogo usio na haraka.
Chai inapoanza kupandisha povu
mabati yanatetemeka, vikombe vinagongana kabatini,
kivuli kinapita juu ya kamba ya nguo,
nami najua magurudumu yale
nusu saa iliyopita yalikuwa karibu na viatu vyake.

Majirani wanajua. Bi Time hupiga hodi na kikombe chake.
"Mumeo kashapita?"
"Kapita."
"Basi tia."

Ila Jumanne moja ya vuli
simu ililia mara moja,
nikateleka,
chai ikapanda, ikashuka, ikapanda.
Mbingu ya kaskazini ilikuwa rangi ya sufuria.
Dakika thelathini na tano. Bi Time akaweka kikombe chini.
Arubaini. Maji yakawa wanja.
Nikampigia, hapatikani.
Arubaini na nane. Najua fika mume wangu hayumo,
yuko chini, nchi kavu, na mizani yake,
na bado magoti yaliniisha nguvu
kwa ajili ya wale aliowapima. Kilo zao zote
zilinilalia mimi kifuani.

Hamsini na mbili, mabati yakatetemeka.
Kumbe ilikuwa ikizunguka tu juu ya Tumbatu,
ikingoja mvua ipishe.

Jioni akapiga, safari hii hakukata.
"Umekunywa chai?"
"Imeungua."
Tukanyamaza. Namsikia anavuta pumzi kule,
kilomita mia na ishirini na tano, kasoro kidogo.
Kisha akasema alikuwemo mtoto mchanga.
Alimpima na mamake, sitini na sita,
akampima mama peke yake, hamsini na nane,
akatoa.
"Ile nane," akasema, "nimekaa nayo tangu saa nne."

Siku hizi simu ikilia
sitazami saa.
Naongeza maji.