Kumi na Tano

Ghorofa ya tatu, Kijitonyama. Feni moja inafanya kazi ya mbili.
Tuko kumi na mmoja, na mwenye mvi ni mimi.
Miaka kumi na tisa nimesoma mita za maji kwa miguu,
Tandika, Buza, Mtoni, mpaka Yombo,
daftari kwapani, mbwa nyuma yangu.
Leo mwalimu ni Kokubanza, rika la binti yangu wa pili.
Anafungua faili, linakataa kufunguka.
"Vizuri," anasema. "Sasa mmekutana nalo."

Mistari milioni arobaini na moja.
Kompyuta yangu ilihema, ikazubaa, ikafa macho wazi.

Nilidhani dawa yake ni kompyuta kubwa zaidi.
Akauliza: mkiwa na shughuli, magunia sita ya mchele,
mnatafuta mwanamke mmoja mwenye ungo mpana kama uwanja?
Tukacheka. Aliyejibu ni Semeni:
tunaita majirani, kila mtu na ungo wake, kila mtu na fungu lake,
chuya huku, mawe huku, mchele sufuriani.
"Basi kuchambua mnajua. Kilichobaki ni kuandika."

Tukaandika.
Gawa kwa kata. Jumlisha kila fungu. Kisha jumlisha majibu.
Mistari minne; niliifuta mara tisa.
Mara mabano hayakufungwa,
mara nimeita kata kwa jina lisilokuwemo,
maana Mbagala imo kama Mbagala, imo kama Mbagara,
imo na nafasi tupu mbele ambayo jicho halioni
lakini mashine inaiona, na kwake huo ni mji mwingine.
Juma zima hatukujumlisha kitu. Tulifua majina.

Kisha Kariakoo ikatukwamisha.
Mashine saba zimemaliza, zimekunja mikono,
ya nane bado inahangaika peke yake.
Semeni akanong'ona: "Huyo kapewa gunia zima."
Tukaligawa gunia.
Kumbe chakula hakipakuliwi mpaka ungo wa mwisho umetua.

Siku ya mwisho kila mtu alete swali lake.
Mimi nikapanga kwa namba ya msomaji, kwa mwezi.
Udadisi tu wa mzee.

Dakika sita. Milioni zote zikawa ukurasa.
Nikajiona: 0417.
Aprili, uniti kumi na tano. Nyumba baada ya nyumba, kumi na tano.
Aprili iliyofuata, kumi na tano.
Masika, Buza haipitiki, tope magotini,
nami kwenye benchi la kahawa kwa Chande, kashata mkononi,
najaza daftari kwa kukisia,
nikiamini nyumba mia mbili ni chembe tu,
na nani atachambua chembe?

Kokubanza alisimama nyuma yangu.
Aliona mstari ulionyooka katikati ya mistari yenye vilima.
"Hizi si za kweli. Tuziondoe?
Au unamjua aliyeziandika?"

Feni ikazunguka.
Nikamkumbuka mama wa mlango wa bati la bluu,
mtu mmoja, ndoo mbili kwa siku,
aliyelipa kumi na tano kila masika, hakuuliza.

"Usiziondoe," nikasema. "Ongeza safu moja pembeni.
Iite kisio. Na namba ya msomaji ibaki."
Kidole changu kiliitafuta K kwenye kibodi
muda mrefu kuliko zile dakika sita.