Manjano

Kidude amekileta Nkwimba, kwa mkopo, hadi Ijumaa,
kimefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
Yeye hupiga picha za furu kule kwenye utafiti wa samaki:
furu wawili, umbo moja, tofauti ni wekundu wa pezi,
na ukikosea wekundu, anasema,
umezaa samaki ambaye ziwa halimjui.

Nimefanya alivyoniagiza.
Nimewasha kompyuta nusu saa kabla, ipate moto kama pasi.
Nimefunga pazia, Mlango Mmoja ikabaki kelele tupu.
Nimevua shati jekundu, maana hata shati hukidanganya kioo.
Kisha nikakiteremsha katikati,
kikang'ang'ania pale kama kupe kwenye sikio la ng'ombe,
kikaanza kunywa rangi:
nyekundu, kijani, bluu, kijivu, kijivu zaidi,
kijivu cha mawe ya Capri Point kabla jua halijayagusa.

Elfu sita na mia tano. Mbili nukta mbili.
Mwanga nikaushusha, nikaushusha,
hadi nikadhani umeme unataka kukatika.
Kilipomaliza, kioo kilikuwa kimelowa chai.
Weupe wote umekuwa wa karatasi ya kufungia maandazi.
Nikampigia: kidude chako kibovu.
Akacheka. "Jicho lako limezoea kudanganywa.
Kanywe maji, urudi."

Nikanywa maji. Nikarudi.
Nikafungua harusi ya Lugendo, ya mwaka juzi.
Bibi harusi manjano. Wasimamizi manjano.
Mchungaji wa watu, manjano,
kama aliyelazwa Bugando kwa ini.
Miaka minne kioo kilikuwa kinanimwagia bluu,
nami naikimbia bluu kwa kuwapaka watu manjano,
mmoja mmoja, kwa uangalifu, kwa mkono wa fundi.

Na Bwire je?
Bwire wa mashine ya kuchapia, Makoroboi, juu ya duka la vitenge,
niliyemwambia mbele ya wateja wake
kwamba wino wake ni wa magendo na macho yake ya kuazima?
Tulikuwa tunakula sato sahani moja.
Tangu siku hiyo kazi zangu anapeleka kijana, kwenye flashi,
na pesa ndani ya bahasha, bila salamu.
Ila malalamiko yalikwisha.
Nikajua nimemnyoosha.

Asubuhi nikatuma picha moja, ya kwanza ya kweli:
marehemu Masalu wa Sangabuye, ya kutundika ukutani.
Binti yake alinishika mkono:
"Baba alikuwa mweusi wa jiwe lililonyeshewa. Usimweupishe."
Na kwenye kioo alikuwa hivyo hivyo,
mvua imepita sasa hivi.
Saa nane picha ikarudi.
Mzee ni bluu.
Bluu ya mtu aliyeopolewa.

Nikapanda zile ngazi mwenyewe.
Bwire hakuinuka. Akaichukua picha, akaipeleka dirishani,
akaigeuzageuza kama mtu anayenunua dagaa.
"Umebadilisha nini?"
"Kioo. Kimepimwa."
Akanyamaza. Nyuma yake mashine ikameza karatasi, ikatema karatasi.
"Mimi," akasema, "tangu siku ile, kazi zako zote
nazipunguza manjano kabla sijachapa.
Kumi na mbili kwa mia. Za harusi, kumi na tano.
Leo pia nimepunguza. Mkono umezoea."

Chini, mtu alikuwa anapatana bei ya doti,
anapanda mia, anashuka mia.
Nilimsikiliza hadi mwisho.

Akachapa upya, bila kugusa kitu.
Masalu akatoka taratibu, paji, macho, shavu,
mweusi, amenyeshewa.
"Shilingi ngapi?"
"Ileile."
Kisha, akiwa bado amenipa mgongo:
"Hicho kidude kinaondoka lini?"
"Ijumaa."
"Kilete Alhamisi, mchana.
Usije umekula."