Chupa ya Gololi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ukumbi wa kanisa, Batley:
meza kumi na nne, chai kwenye birika la bati,
na sisi wafukuaji wa majalala
tunafungua magazeti, tunatoa vioo.

Ardhi ya hapa naijua kwa harufu.
Jivu la makaa likiwa jeusi, laini kama poda,
ujue umefika enzi za bibi wa bibi yako:
makombe ya chaza, mifupa ya kondoo,
kiko kilichokatika,
na ukiwa na bahati, chupa.

Nimefukua za wino, zimechuchumaa kama vyura,
nimefukua za siki, za dawa ya kulaza watoto
(wengine hawakuamka),
na zile za sumu, buluu iliyoiva, zenye matuta ubavuni,
ili mkono unaopapasa gizani
uambiwe: siyo hii.

Ila ya gololi ina mambo yake.
Soda ilifungiwa kwa gololi kooni,
ikabanwa juu na hasira ya gesi yenyewe.
Watoto walizivunja wapate cha kuchezea.
Ndiyo maana nzima ni adimu:
kila iliyobaki
ni mtoto fulani aliyekosa mchezo.

Mwaka kiwanda cha blanketi kilipofungwa
niliipata moja chini ya tuta la reli,
mdomo wa buluu, mwili kijani cha maji ya mfereji.
Na ufa. Shingoni, mwembamba,
kama unywele ndani ya maziwa.
Nikaupaka mafuta ya cherehani kwa ncha ya unyoya.
Ufa ukanyamaza.

Nikamuuzia Clement Illingworth, pauni tisini.
Aliiinua dirishani, akaizungusha mara moja,
gololi ikalia: tik.
Akalipa bila kuomba kupunguziwa,
yeye aliyezoea kubishania hata bei ya biskuti.

Miaka ishirini na mitatu tukabadilishana,
wino zangu mbili kwa mtungi wake wa tangawizi,
sumu yangu kwa bia yake ya kahawia,
na kila mara nilimwongezea kidogo
huku nikitazama viatu vyake.
Husemwa asiyeziba ufa atajenga ukuta.
Mimi niliuziba,
na ukuta nikaujenga vilevile,
tofali moja kila mwezi.

Leo kaja Avis, mjane wake,
na katoni ya ndizi, chupa zimevishwa soksi za marehemu.
"Clement alisema wewe hutanipunja."
Koo langu likapandwa na gololi.

Nikazivua soksi moja moja.
Chini ya kila chupa kipande cha karatasi,
mwandiko wa karani wa reli: tarehe, bei, jalala.
Chini ya ile:

*Ya Oldroyd. Pauni tisini.
Ina ufa, kautia mafuta.
Ana watoto watatu. Nzuri hata hivyo.*

Mafuta yalikwisha kukauka.
Ufa ulisimama peupe ukishika mwanga
kama vile ndio uliokuwa ukiuzwa.

"Hiyo je, kiasi gani?"
Nikamwambia kweli: yenye ufa ni pauni sita,
saba kwa mjinga.
Kisha nikahesabu tisini.
Akazihesabu tena mbele yangu, noti kwa noti,
akazitia mkobani, akaomba chai.

Sasa iko jikoni kwangu, kwenye kizingiti cha dirisha.
Mjukuu wangu kauliza gololi hutokaje.
"Kwa kuivunja chupa," nikamjibu.
Akaitazama chupa. Akanitazama mimi.

Sijaihamishia juu zaidi.