Mia Mbili na Kumi na Moja

Kampuni ya umeme imenituma kuhesabu.
Duluth, Februari. Ziwa limeganda
mpaka huoni linapoishia na mbingu inapoanzia.
Kalamu ya wino imegoma; nina ya risasi.

Jengo la Bi Skalbeck: matofali, ghorofa nne,
chini duka la viatu, juu daktari wa meno,
katikati maofisi ambayo hakuna ajuaye yanauza nini.
Fomu yasema taa za zamani 212 zimeng'olewa,
mpya 212 zimefungwa,
mota ya feni ya paa imebadilishwa,
na mwenye jengo anaomba arudishiwe
dola elfu nne na kitu.

Biashara ya ajabu hii, nakiri.
Tunauza umeme, kisha tunamlipa mteja
ili anunue kidogo,
kama muuza maji anayekupa senti ukilala na kiu.
"Ni rahisi kuliko kujenga mtambo mwingine," husema bosi,
nami nasadiki; mshahara wangu unatoka humo humo.

Arvo Kesti, mtunza jengo, ananitangulia na ngazi begani.
Miaka thelathini na mmoja humu ndani.
Hasemi. Funguo zake ndizo zinazosema.

Kwa daktari nahesabu juu ya kinywa kilichoachama.
"Samahani," namwambia mgonjwa.
"Aaa," ananijibu.
Hamsini na nane. Mia na tatu. Ngazini, sita.
Chooni, moja, nyeupe kama swali la polisi.

Chini kabisa napiga jumla: 211.
Narudia. 211.

Nyuma ya boila, juu ya meza yake ya spana,
mrija mmoja wa zamani, ncha zimeungua rangi ya chai,
unaguna kama nzi ndani ya chupa.
Mpya wake upo rafuni, haujatolewa karatasi.

"Zote zilikuwa zinaguna," anasema Arvo.
"Mota nayo. Nilijua jengo linaumwa wapi
kwa kusikiliza tu, hata usiku.
Sasa limenyamaza,
na sijui kama ni zima
au limenuna."

Natazama fomu. Ina safu ya wati, ya saa,
ya namba ya kiwanda.
Safu ya mguno haina.

Anachomoa pochi. "Taa moja ni ngapi?"
"Dola tisa."
Ananinyooshea noti ya kumi, na uso wake
unasubiri chenji.

Siwezi kuipokea. Naikata 212 kwa mstari mmoja,
naandika 211, natia sahihi pembeni.
Bi Skalbeck atapigiwa simu kuhusu dola tisa;
atasema nini, sijui.

Nje, theluji imefika magotini.
Naifuta mita kwa glavu, nainama:
tarakimu ya mwisho inasita,
inasita,
halafu inageuka.